Barabara Kuu za Magharibi kwa Siku Tatu: Mwongozo Kamili wa Mzunguko wa Nakuru, Kisumu, Busia na Eldoret

Baba alianza kazi akiwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori, akaimaliza akiwa dereva wa trela kati ya Mombasa na Malaba. Nyumbani kwetu ni Ngata, nje kidogo ya Nakuru, na usiku tulilala tukisikia malori yakipanda na gia zikishushwa moja baada ya nyingine. Nilizijua nambari za magari kabla sijaijua hesabu ya kuzidisha: K za kwetu, U za Uganda, R za Rwanda. Wenzangu walikuwa wakicheza mchezo wa kati, mimi nimekaa kwenye nyasi nahesabu matairi.

Mpaka leo watu huniuliza, "Unaenda Busia kumwona nani?" Siendi kumwona mtu. Naenda kuiona barabara. Barabara kuu haikujichora yenyewe: kila kona, kila mteremko na kila soko lililoota kando yake lina sababu, na ukiijua sababu unajua pia hatari iko wapi na uzuri uko wapi. Huu hapa mzunguko ninaoupenda kuliko yote, na namna ya kuusafiri kwa gari lako au kwa matatu.

Kwanza, ijue njia yenyewe

Unatoka Nakuru kwa barabara ya A8, ile ambayo wazee wa barabarani bado wanaiita A104. Unafika Mau Summit, unakata kushoto kwenda Kericho, unashuka hadi Ahero na Kisumu. Siku ya pili unapanda Maseno, unapita Yala, Ugunja na Bumala hadi Busia, kisha unaufuata mpaka hadi Malaba na kuingia Bungoma kulala. Siku ya tatu ni Webuye, Turbo, Eldoret, Burnt Forest, Timboroa, kisha Mau Summit tena na nyumbani.

Kwa makadirio: Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 185, Kisumu hadi Busia 115, Busia hadi Malaba 30, Malaba hadi Eldoret 125, Eldoret hadi Nakuru 155. Jumla inapita kilomita 600 kidogo. Mtu mwenye haraka anaweza kuzimaliza kwa siku moja na nusu, lakini atakuwa amezipita tu bila kuziona.

Wengi huuzunguka mzunguko huu kwa kuanzia Eldoret. Mimi nasisitiza uanzie Nakuru, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jua: asubuhi ya siku ya kwanza unaelekea magharibi na jua liko mgongoni. Ya pili ni kubwa zaidi. Mteremko mgumu kuliko yote, wa kutoka Mau Summit hadi Salgaa, utakuwa umeupanda kwanza ukiutazama vizuri, na utauteremka siku ya tatu macho yako yakiwa yameshazoea kusoma barabara.

Jambo jingine linalonifurahisha kila mara ni kwamba mzunguko huu unavuka ikweta mara mbili. Nakuru na Kisumu ziko kusini ya mstari, Busia na Eldoret ziko kaskazini.

Pili, andaa gari, au chagua kiti

Safari hii itakupandisha hadi zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa na kukushusha hadi mita 1,130 hivi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kwa hiyo breki na mfumo wa kupoza injini ndivyo vya kwanza kukaguliwa. Mwambie fundi afungue magurudumu aone unene wa pedi. Asikuambie "ziko sawa" akiwa amesimama. Angalia maji ya rejeta, hali ya matairi pamoja na tairi la spea, na wipa, kwa maana Kericho hunyesha mchana karibu kila siku msimu wa mvua, na mara nyingine ni mvua ya mawe.

Ndani ya gari uwe na jeki na spana ya magurudumu, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, kizimamoto, kisanduku cha huduma ya kwanza, tochi, koti la kuakisi, lita tano za maji na sweta. Ndiyo, sweta. Utalihitaji Timboroa hata kama Ahero ulikuwa ukitokwa na jasho. Nambari za dharura ni 999 na 112. Ziandike kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji siku usiyotarajia.

Ukisafiri kwa matatu, usichukue gari la moja kwa moja. Katakata safari: Nakuru hadi Kericho, Kericho hadi Kisumu, Kisumu hadi Busia, Busia hadi Malaba, Malaba hadi Bungoma, Bungoma hadi Eldoret, Eldoret hadi Nakuru. Kila steji unashuka, unanyoosha miguu, unauliza. Wahi mapema upate kiti cha mbele karibu na dereva, upande wa dirisha. Nauli hupanda Ijumaa jioni, siku za kufungua na kufunga shule, na Desemba yote, kwa hiyo Jumanne au Jumatano ndiyo siku yako. Funga mkanda hata kama konda anakuambia hakuna haja. Kanuni zilizoletwa na waziri John Michuki, zikaanza kutekelezwa mwaka 2004, ziliweka mikanda kwenye kila kiti na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Haki ya kudai mkanda unaofungika ni yako.

Tatu, jifunze lugha ya barabara

Hapa ndipo natamani ningekuwa nimeketi kando yako, maana lugha hii hujifunzwa kwa kuonyeshwa.

Ukiwa nyuma ya lori na dereva akawasha indiketa ya kushoto huku hana pa kukatia, anakuambia mbele ni kweupe, pita. Akiwasha ya kulia, anakuambia usipite, kuna kitu kinakuja. Lakini tahadhari: huenda ya kulia ni kwamba kweli anakata kulia. Na hata akikupa kushoto, uamuzi ni wako, kwa sababu yeye anajua lori lake, hajui nguvu ya injini yako. Mimi huchukulia indiketa ya dereva wa lori kama ushauri wa mtu mzima: nausikiliza kwa heshima, kisha natazama mwenyewe.

Matawi mabichi yaliyotandazwa kwenye lami yana maana moja tu: mbele kuna gari limekwama. Punguza mwendo pale pale, usisubiri kuliona, kwa sababu mara nyingi liko nyuma ya kona. Gari linalokuja likikumulikia taa mara mbili mchana, kuna askari mbele, au ng'ombe, au ajali. Kwa vyovyote punguza. Mstari wa katikati usiokatika ni mhandisi anakuambia kwamba kutoka hapo huoni mbali vya kutosha kulipita gari jingine. Hakuuchora kwa kukisia. Alipima umbali ambao jicho linaona juu ya kilima.

Kisha kuna lami yenyewe. Kwenye milima ya A8 utaona mifereji miwili iliyozama pale magurudumu ya malori yanapopita. Wengi husema ni kazi mbaya ya mkandarasi, na pengine wakati mwingine ndivyo. Lakini kuna sababu ya kimaumbile. Lami ikipata joto hulainika, na lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea huikandamiza kwa muda mrefu zaidi kuliko linalopita kasi kwenye tambarare. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa maneno mengine, ekseli ikibeba mara mbili ya uzito, barabara haiumii mara mbili, inaumia karibu mara kumi na sita. Ndiyo maana kuna mizani, na ndiyo maana sheria ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa magari mazito zaidi.

Kwako wewe dereva wa gari dogo, mifereji hiyo ni hatari wakati wa mvua. Maji hujaa humo na usukani hukuvuta. Endesha ukikanyaga matuta ya kando ya mifereji, si ndani yake, na usibadilishe leni ghafla.

Siku ya kwanza: Nakuru hadi Kisumu

Usiondoke alfajiri. Najua desturi yetu ni kutoka saa kumi na moja, lakini ukungu wa Mau hukaa mpaka saa mbili au saa tatu asubuhi. Ondoka Nakuru saa mbili kamili ukiwa umekunywa chai, upande kukiwa kumefunguka. Kama ukarabati na upanuzi wa barabara unaendelea siku utakayosafiri, ongeza saa nzima.

Baada ya Ngata mlima unaanza polepole. Salgaa ni mji wa malori: gereji, vyumba vya kulala, hoteli za chapati na madondo, matrela yamepangwa kama ng'ombe zizini. Simama hapa, kwenye kituo cha mafuta na si kando ya lami, uagize chai, utazame juu unakoelekea. Kuanzia hapa kupita Migaa na Sachangwan ndiyo sehemu iliyochukua watu wengi kuliko nyingine ninayoijua. Tarehe 31 Januari 2009 tanki la mafuta lililopinduka Sachangwan lililipuka moto watu wakiwa wamekusanyika kuchota petroli, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafa. Baada ya hapo uliwekwa ukuta wa kutenganisha wanaopanda na wanaoteremka. Ukiuona ule ukuta wa zege, ujue umejengwa kwa gharama gani.

Kwa nini hapa? Kwa sababu mteremko ni mrefu, si kwa sababu ni mkali. Mteremko mkali humtisha dereva akashusha gia. Mteremko mrefu na mpole humdanganya. Madereva wengine waliweka gari huru, bila gia, ili kuokoa dizeli. Gari zito likashika kasi, breki zikapata moto, na breki zikishapata moto kupita kiasi hazishiki tena. Baba alikuwa akiniambia, "Mama, mlima uteremke na gia ile ile ambayo ungepandia. Mguu wa breki ni wa kugusa tu, si wa kukanyagia." Alisema hivyo kila nilipopanda naye, na nimemsikia akiwaambia hivyo vijana wake wote.

Leo unapanda, kwa hiyo hatari yako ni nyingine: kukosa subira nyuma ya malori. Tulia. Huu ndio wakati wa kushusha kioo na kusikiliza injini.

Mau Summit, ambapo makonda hupaita Total kwa sababu ya kituo cha mafuta, ndipo barabara inagawanyika. Kulia Eldoret na Uganda, kushoto Kericho na ziwa. Kata kushoto. Baada ya muda utafika makutano ya Londiani. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililokuwa likielekea Kericho lilipoteza mwelekeo hapa likavamia matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50. Wengi walikuwa wamesimama tu, wakiuza mboga au wakingoja gari.

Tangu siku ile nina sheria moja, nawe ninakuomba uishike: ukitaka kununua viazi, karoti au mahindi njiani, nunua upande wa magari yanayopanda. Usisimame mwisho wa mteremko, usisimame upande wa nje wa kona. Gari lililokosa breki linafuata njia nyoofu, na njia hiyo unaweza kuiona kwa macho ukisimama dakika moja na kuitazama.

Chepseon ikipita, mashamba ya chai yanaanza. Hapa barabara inapindapinda kwa upole, na sababu yake ni maji. Mito inashuka kutoka msitu wa Mau kuelekea ziwani, kila mmoja katika bonde lake, na barabara imechagua kupanda mgongo wa vilima katikati ya mito. Njia ya mgongoni huhitaji madaraja machache na haizolewi na mafuriko. Ukiwa Kericho utaona bonde kushoto na bonde kulia, nawe uko juu katikati, na majani ya chai yamekatwa sawasawa kama zulia. Mkulima huyaweka usawa wa kiuno ili mikono ya wachumaji ifike. Kula Kericho mjini, kunywa chai ya hapo, na uwe umeondoka kabla ya saa nane, mvua haijafika.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote katika siku hii. Kutoka Kericho kupitia Kapsoit na Kipsitet unateremka kama mita elfu moja kwenda uwanda wa Kano. Masikio yanaziba na kuzibuka. Unavua sweta. Chai inaisha, mahindi yanaingia, kisha miwa. Kulia kwako ukuta wa milima ya Nandi unasimama mrefu, na chini yake ni nchi ya sukari, Muhoroni, Chemelil na Miwani. Harufu ya hewa inabadilika, ya udongo mkavu na mimea ya majini. Katika saa moja umepita nchi tatu bila kuvuka mpaka. Teremka kwa gia, na ukipata harufu kama ya plastiki inayoungua, ni breki za mtu. Mwache atangulie mbali au umwashirie asimame.

Awasi hadi Ahero barabara inanyooka lakini inayumba kama mawimbi madogo. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi chini yake. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unanywea na kupasuka, na lami iliyo juu haina la kufanya ila kuufuata. Ahero ni mchele, kutoka mashamba ya umwagiliaji yaliyoko hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na ni daraja la mto Nyando, ambao Aprili na Mei hufurika ukaingia majumbani mwa watu. Msimu huo uliza Kericho kabla ya kushuka.

Usiendeshe hapa usiku. Trekta za miwa hutembea bila taa za nyuma, na mabua yaliyodondoka huonekana ukiwa umeshayafikia.

Nyamasaria unachagua: baipasi inayozunguka kupitia Mamboleo hadi Kisian, au moja kwa moja mjini. Leo ingia mjini. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na barabara zote za magharibi ulizoziona na utakazoziona zilikuja baadaye zikiufuata mji huo. Jioni nenda Dunga, ukingoni mwa ziwa, ule samaki aina ya ngege mzima na ugali, mikono ikiwa imeoshwa vizuri.

Siku ya pili: Kisumu hadi Busia, Malaba na Bungoma

Hii ni siku fupi, kilomita 175 hivi. Ondoka saa mbili. Kisian barabara zinaachana: ya Bondo inashika kando ya ziwa, ya Busia inapanda mlima. Ukifika juu, tafuta mahali salama pa kuegesha, ugeuke nyuma. Ghuba ya Winam yote iko chini yako.

Maseno kuna alama ya ikweta kando ya barabara. Usipige picha tu ukaondoka. Washa simu, fungua programu ya dira inayoonyesha latitudo, utembee kutoka kusini kwenda kaskazini mpaka nambari ziwe sifuri. Ikigoma kutulia usishangae, kipimo cha simu huyumba kwa mita kadhaa. Na mtu akikuonyesha beseni la maji yanayozunguka kulia upande huu na kushoto upande ule, mfurahie lakini usiamini: beseni ni dogo mno kwa mzunguko wa dunia kuonekana ndani yake. Kinachoyazungusha ni namna alivyoyamimina.

Luanda ina soko kubwa, na siku ya soko utatembea mwendo wa mkokoteni. Acha iwe hivyo. Yala unavuka mto wa jina hilo hilo, kisha Ugunja, Sega, Bumala, na matuta kila mahali penye shule. Kikomo ndani ya miji ni kilomita 50 kwa saa na askari wa hapa wana kamera. Utakutana na matanki mengi ya mafuta kwa sababu Kisumu kuna bohari ya bomba la mafuta, na kutoka hapo Uganda hufikiwa kwa barabara. Yaache yapite.

Busia ndipo neno bodaboda lilipozaliwa, kama wenyeji wanavyosimulia: vijana wenye baiskeli wakiita abiria, "boda, boda!", wakiwavusha kutoka ofisi za upande mmoja hadi upande wa pili. Leo ofisi zimeunganishwa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, na msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Usipige picha ofisi za mpakani wala askari. Ukitaka picha, piga foleni ya matrela ukiwa mbali nayo, baada ya kumwomba dereva ruhusa. Mimi huanza kwa salamu: "Habari ya safari, mzee? Umetoka Mombasa lini?" Madereva wanaongoja foleni wana muda, na kwa nusu saa utajifunza kuhusu Kigali, Juba na Bunia mambo ambayo hayamo kwenye ramani.

Busia hadi Malaba kupitia Alupe ni mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo. Malaba ndipo A8 inapokwisha upande wetu. Nilipofika hapa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nilishuka nikaenda kugusa lami. Ilikuwa ndiyo ile ile iliyokuwa ikipita mbele ya nyumba yetu. Geuza gari, upite Amagoro hadi Kanduyi, ulale Bungoma. Agiza kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi, na uulize mapema, kwa sababu kuku wa kweli huchukua muda.

Siku ya tatu: Bungoma hadi Nakuru

Jua leo liko machoni. Subiri lipande, ondoka saa mbili na nusu, na usafishe kioo cha mbele ndani na nje. Uchafu usioonekana kivulini hugeuka pazia jua likiupiga.

Webuye kuna mizani, kwa hiyo tarajia malori yakiingia na kutoka polepole. Kuna pia mabomba na majengo ya kiwanda cha karatasi kilichoufanya mji huu, kikasimama mwaka 2009. Mto Nzoia unapita hapa, na ukiwa na saa moja ya ziada uliza njia ya maporomoko ya Nabuyole. Kisha unapanda: Kipkarren, Turbo, Leseru. Miwa inarudi kuwa mahindi, na hewa inapoa.

Leseru unaweza kuchukua baipasi ya kusini ya Eldoret, kilomita 32 hadi Cheplaskei, ukaukwepa mji. Msafiri wa barabara hatakosea akiichukua. Lakini kama hujawahi kupita Eldoret, pita ndani. Wazee bado wanaiita Sisibo, kutoka "64", nambari ya shamba ambalo mji ulianzia. Jaza mafuta, kunywa mursik, yale maziwa ya mgando, uangalie breki kwa mara ya mwisho.

Burnt Forest hadi Timboroa ndiyo kilele. Kituo cha reli cha Timboroa kiko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 2,743, na barabara iko jirani. Injini itahisi upungufu wa hewa, nawe pia ukikimbia. Ukungu ukishuka, washa taa ndogo za chini, si fulu, maana fulu hugonga ukungu na kukurudia machoni. Usiwashe hazadi ukiwa unatembea. Wa nyuma atadhani umesimama. Ukiwa huoni nguzo ya pili ya barabara, ingia kituo cha mafuta ungoje. Baada ya Timboroa unavuka ikweta mara ya pili, kurudi kusini, kisha Makutano, Mumberes, na hapo Mau Summit uliyoiacha juzi.

Sasa teremka. Simama kwanza dakika kumi, breki zipoe. Ingiza gia ya tatu, au kama gari ni otomatiki weka L au 2 badala ya D. Acha nafasi ya sekunde nne mbele yako. Kila dakika tazama kioo cha nyuma, kwa sababu hapa hatari hutoka nyuma. Ukiona lori linakuja kwa kasi isiyo ya kawaida, usishindane nalo na usisimame kwenye leni, toka nje ya barabara mapema mahali penye nafasi. Usiweke gari huru hata kwa mita mia. Sachangwan, Migaa, Salgaa. Ukifika Salgaa simama tena, gusa rimu ya gurudumu kwa nyuma ya kidole, kwa uangalifu. Ikiwa ya vuguvugu tu, umeteremka vizuri. Ikikuunguza, umetumia breki kupita kiasi, na safari ijayo shusha gia moja zaidi.

Jambo la mwisho ni daftari. Nunua dogo la mfukoni kabla ya safari. Kila unaposimama andika saa, nambari ya kilomita kwenye dashibodi, hali ya lami, mahali palipokuwa na chakula kizuri, na kila shimo au alama iliyoanguka. Ukiona taa za daraja hazifanyi kazi au kalvati imeziba, ripoti kwa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya, wao ndio wenye barabara hizi. Mimi nina madaftari saba sasa, na la kwanza lina mwandiko wa baba kwenye ukurasa wa Salgaa: saa, kilomita, na "breki poa."